Makucha Yangu ya Chuma

Nawasimulia habari ya chombo nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na ya hasara iliyonipata kwa ajili yake. Sisimulii ili nisifiwe. Nasimulia kwa kuwa najua huko vijijini wako mafundi wengi kama mimi, watu wanaochomelea matela, milango, majembe ya kukokotwa na ng'ombe na mashine za kukamua mafuta. Fundi akiona kitu dukani husema, "Hiki hata mimi nakiweza." Mara nyingi asema kweli. Lakini yako mambo ambayo jicho halioni, na hayo ndiyo yaliyoniaibisha.

Kazi ya kuchomelea nilijifunza nyumbani, chini ya mwembe, kwa fundi mmoja mzee ambaye mwaka wa kwanza alinilipa chakula tu. Baadaye nikawa na karakana yangu. Mwaka 2016 tulihamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, kwa kuwa mama watoto ni mwuguzi na alipata kazi huko. Twakaa upande wa magharibi wa jimbo hilo, katika nchi tambarare ya mashamba. Wakati wa baridi theluji hufika magotini, na upepo hauna kitu cha kuuzuia isipokuwa miti iliyopandwa kuzunguka nyumba.

Jirani yetu ni mzee mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Katika nchi ile watu huitana kwa majina tu, hata kijana humwita babu kwa jina lake. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima. Akalipenda, na tangu siku ile yeye ni Mzee kwetu sote nyumbani.

Kijiko kidogo

Mzee ana mashine ambayo bila hiyo asingeweza kufuga. Nyumbani mashine yenye ndoo ya kuchotea udongo twaiita kijiko. Hiki ni kijiko kidogo, kifupi, chenye mikono miwili ya chuma inayopita pande zote mbili za dereva, na dereva hukaa katikati kama aliye ndani ya kizimba. Magurudumu yake manne hayakati kona kama ya gari. Ukitaka kugeuka kulia, magurudumu ya kushoto huenda mbele, ya kulia husimama au hurudi nyuma, na mashine nzima huteleza na kuzunguka pale pale iliposimama. Kwa hiyo huweza kufanya kazi ndani ya zizi ambamo trekta haliwezi hata kugeuka. Watu wengi huiita Bobcat, kwa jina la kampuni moja, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine.

Mashine hiyo haikutoka mji mkubwa. Ilizaliwa katika kijiji cha Rothsay, katika jimbo letu hili la Minnesota. Palikuwa na ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, wenye karakana ya kutengeneza vyombo vya wakulima. Mfugaji mmoja wa bata mzinga, Eddie Velo, aliwaendea na shida yake. Banda lake lilikuwa la ghorofa, na kuondoa samadi kulikuwa taabu kubwa. Alitaka mashine ndogo iwezayo kuzunguka baina ya nguzo, tena nyepesi ili sakafu ya juu isivunjike. Wale ndugu wakaitengeneza, wakamkabidhi mwezi Februari 1957. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja dogo nyuma. Mwaka 1958 kampuni ya Melroe, ya mji wa Gwinner katika jimbo jirani la North Dakota, ilianza kuitengeneza kwa wingi, nao wale ndugu wakaajiriwa huko. Mwaka 1960 ikatoka yenye magurudumu manne, na mwaka 1962 ikapewa jina la Bobcat.

Mzee aliponisimulia habari hiyo nilifurahi mno. Nikasema moyoni, "Kumbe walikuwa mafundi wa kijijini kama mimi!" Sikujiuliza walipima mara ngapi kabla ya kukata chuma.

Miti iliyoanguka

Mwezi Julai 2021 dhoruba ilikuja usiku ikaangusha miti mingi ya Mzee, ile iliyopandwa na baba yake kuzuia upepo. Miti mingine ililala juu ya ua wa ng'ombe. Mzee akaikata kwa msumeno wa injini, kisha akawa anayavuta magogo kwa mnyororo. Kila gogo lilimtaka ashuke, afunge mnyororo, apande, avute, ashuke tena, afungue. Wakati huo alikuwa na miaka 74. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya gogo, mkono kifuani, akihema.

Dukani kuna makucha ya chuma yanayofungwa mbele ya kijiko mahali pa ndoo, ya kushikia magogo kama mkono unavyoshika muwa. Bei yake ilizidi dola 2,000. Nikamwambia, "Mzee, usinunue. Nitakutengenezea mimi."

Umbo lake halikuwa gumu. Chini ni meno manne marefu kama ya uma. Juu ni kucha mbili zinazofumba na kufumbua, kila moja na silinda yake. Silinda ni bomba nene la chuma lenye fimbo ndani. Mafuta yakiingizwa kwa nguvu upande mmoja, fimbo hutoka. Yakiingizwa upande wa pili, fimbo hurudi. Aliyepata kuona tipa likimwaga mchanga ameona silinda ikifanya kazi. Pampu ya kijiko ndiyo isukumayo mafuta, nayo hupita katika mipira minene yenye nyuzi za chuma ndani yake.

Mzee alinipa mashauri matatu. La kwanza, nichore kila kitu kwenye karatasi kwa vipimo. La pili, nikate kwanza kwa maboksi ya karatasi ngumu, niyafunge mbele ya mashine, nione kama kucha na mipira vyaenda bila kugusana. La tatu, ninunue vali mbili ndogo kwa kila silinda: moja ya kupunguza kasi ya mafuta, na nyingine ya kuyafungia ndani ya silinda ili mpira ukipasuka kucha isifunguke.

Nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikafanya nilivyotaka. Nilimjibu, "Mzee, sisi kwetu twatengeneza kwa jicho." Vali zile niliziona ni ujanja wa wenye duka. Mabamba niliyapata kwenye vyuma chakavu, yana unene wa milimeta 16, nami nikaona unene ndio uimara. Silinda mbili nilizitoa katika mashine mbovu ya shambani, nikazitia sili mpya. Mipira niliichukua katika mashine ile ile, kwa kuwa kwa nje ilionekana mizima.

Katika wiki tatu kazi ilikwisha. Mishono yangu ya kuchomelea ilikuwa mizuri, hata leo siionei haya. Nikapaka rangi nyekundu. Majirani wakaja kutazama, nami nikasimama kando yake kama bwana harusi.

Onyo la kwanza

Asubuhi ya Jumamosi moja ya Oktoba 2021 tuliyafunga makucha kwenye kijiko. Mzee akawasha injini. Nikasikia mlio mwembamba kama wa nyoka, nikaona ukungu wa mafuta penye kiungo cha mpira mmoja. Nikanyosha mkono nipapase mahali panapovuja, kama unavyopapasa mpira wa baiskeli.

Mzee alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake, akazima injini. Akanieleza kwamba mafuta yanayotoka katika tundu dogo kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda chake huonekana kidogo kama mchomo wa mwiba, wala hakiumi sana kwa kwanza. Lakini mafuta yamekwisha kuingia katika nyama, na baada ya saa chache mkono huvimba. Mtu wa namna hiyo sharti akimbizwe hospitali saa ile ile, apasuliwe na kusafishwa, la sivyo aweza kupoteza kidole au mkono mzima. Mahali panapovuja hutafutwa kwa kipande cha karatasi ngumu au ubao, wala si kwa mkono.

Jioni mama watoto alipoisikia habari hiyo alisema ndivyo walivyofundishwa nao. Lakini jioni ile hatukuwa na nafasi ya kuzungumza mengi, kama mtakavyosikia.

Nilikaza kiungo, kuvuja kukakoma. Mtu mwenye akili angesema, "Nimeonywa mara moja, na nitulie." Mimi nilisema, "Haya, tuendelee."

Siku ya gogo

Mchana Mzee alikwenda kuangalia ng'ombe anayezaa. Nikakaa mwenyewe kwenye kijiko. Makucha yalifanya kazi ajabu. Yalifumba kwa haraka kuliko kupepesa jicho, pu! na kila yalipofumba mashine nzima ilitikisika. Nilipenda mshindo ule. Sikujua kwamba kila mshindo ulikuwa ukiivuta na kuichosha mipira ile ya zamani.

Kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 15, alikuja kunisaidia. Nilikuwa nimefika kwenye gogo kubwa, unene wake sentimeta 40 na urefu wake meta 3. Nililishika, nikaliinua hadi kimo cha kifua cha mtu, nikaenda nalo mpaka penye rundo. Niliona magurudumu ya nyuma yamekuwa mepesi, yakirukaruka. Nikapuuza. Nikainamisha makucha mbele kidogo ili nililaze gogo juu ya mengine. Nikamwita kijana, "Njoo mbele uniwekee kipande cha kuzuia lisibingirike."

Akaja. Akainama.

Nikasikia mlio kama wa bunduki, na kioo mbele yangu kikawa mafuta matupu. Mpira mmoja ulikuwa umechomoka penye kiungo chake. Kucha zikalegea, gogo likateleza kwenye meno. Sikuona kitu. Nilisikia tu sauti ya mtoto wangu.

Alikuwa ameruka nyuma, lakini si wote. Gogo lilimpata mguu wa kushoto chini ya goti, mfupa ukavunjika. Lingempata nusu meta juu zaidi, nisingekuwa na habari ya kuandika gazetini. Mzee alitoka zizini mbio, akaliondoa gogo kwa mtaimbo, akamfunga mguu kwa mbao mbili na shati lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto, mikono yote mafuta, wala sikuwa na faida yoyote.

Usiku ule hospitalini mama watoto alikuja akiwa bado amevaa nguo zake za kazi. Hakupiga kelele. Alisoma karatasi za daktari, akamfunika mtoto vizuri, kisha akanitoa nje ya chumba. Akaniuliza neno moja tu: "Nani alimwambia asimame pale?"

Nikasema, "Mimi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi usinililie mimi, baba watoto. Kamwombe radhi yeye."

Wasomaji wangu, mnajua kwetu si desturi baba kumwomba mtoto radhi. Usiku kucha nilikaa kwenye kiti nikitafuta njia ya kulikwepa jambo lile. Nilitaka kusema mpira ulikuwa mbovu, gogo lilikuwa na utelezi, mtoto alichelewa kuruka. Kulipokucha alifumbua macho, nikamwambia, "Mwanangu, kosa ni langu. Nilikuweka mahali ambapo mtu hasimami. Nisamehe." Akanitazama kwa mshangao. Kisha akasema, "Baba, yale mengine utayatengeneza lini?" Ndipo nilipolia.

Hesabu kitandani

Kwa muda mrefu sikutaka kuyaona makucha yale. Yalilala nje yakafunikwa na theluji. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Siku moja tu alikuja na karatasi kubwa, rula na penseli, akaviweka mezani kwetu, akanywa chai, akaondoka.

Kijana alikuwa nyumbani na mguu wake ndani ya plasta. Ndiye aliyeichukua penseli. Mama yake akamletea mabomba mawili mapya ya sindano, yasiyo na sindano, moja jembamba na moja nene, na kipande cha mpira mwembamba. Kijana akayajaza maji, akayaunganisha kwa ule mpira. Akaniambia, "Baba, sukuma hili nene, nami nitalizuia kwa hili jembamba." Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, naye kwa kidole kimoja akanishinda.

Hiyo ndiyo siri yote. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, ndiye aliyeieleza vizuri, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hati ya mashine ya kukandamiza inayotumia siri hiyo. Maji au mafuta yaliyofungiwa husukuma pande zote sawasawa. Ikiwa bomba dogo lina upana wa sentimeta 1 ya mraba, na kubwa lina sentimeta 10 za mraba, ukisukuma dogo kwa kilo 5, kubwa huinua kilo 50. Walakini hupati kitu bure: lile kubwa litakwenda sehemu moja tu ya kumi ya mwendo wa dogo.

Kisha tukahesabu makucha yetu. Pampu ya kijiko cha Mzee husukuma kwa nguvu ya kilo 170 kwa kila sentimeta moja ya mraba. Silinda zangu zina kipenyo cha ndani cha sentimeta 5, yaani upana wa sentimeta za mraba 19 na nusu na kitu. Zidisha: kila silinda ilikuwa ikisukuma zaidi ya kilo 3,300! Nami nilikuwa nimeifunga silinda sentimeta 20 tu kutoka penye bawaba, na ncha ya kucha ikawa sentimeta 80, basi penye ncha ilibaki robo yake, kama kilo 800. Hata hiyo ilitosha na kuzidi.

Tukahesabu kasi. Pampu hutoa lita 60 kwa dakika, yaani lita 1 kila sekunde. Silinda mbili kwa pamoja zahitaji chini ya lita 1 ili fimbo zitoke sentimeta 20. Kwa hiyo kucha zilifumba kabla sekunde moja haijaisha, na ncha zake zikasafiri mara nne ya mwendo wa fimbo. Ndio ule mshindo niliokuwa nikiufurahia.

Mwisho tukahesabu uzito, na hapo nikaona haya kweli. Bamba la chuma la meta moja ya mraba lenye unene wa milimeta 1 lina karibu kilo 8. Unene ukiwa milimeta 16, bamba hilo hilo ni kilo 125 na zaidi. Makucha yangu yalikuwa na kilo 310. Kijiko cha Mzee kimeandikwa kwamba kisibebe zaidi ya kilo 600, na hiyo ni nusu tu ya uzito unaoweza kukipindua mbele. Toa makucha, zabaki kilo 290. Gogo bichi lina uzito ulio karibu na wa maji, na gogo lile kwa hesabu lilikuwa na kilo 370 hivi. Kumbe hata mpira usingechomoka, nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka. Magurudumu ya nyuma yaliniambia, nami sikusikia.

Kijana aliandika jumla chini ya karatasi, akaipigia mstari. Hakusema neno. Hesabu yote ilichukua muda wa kuchemsha chungu cha maharage.

Makucha ya pili

Mwezi Mei 2022, theluji ilipokwisha, tulianza upya. Safari hii tulichora, tukakata maboksi, tukayafunga mbele ya kijiko kwa kamba, tukayafumba na kuyafumbua kwa mikono. Mara ile ile tukaona mahali ambapo mpira ungebanwa na kucha. Kwa karatasi kosa hilo ni mkasi na dakika mbili.

Mabamba tulitumia ya milimeta 10, tukayatia mbavu mahali penye nguvu nyingi tu. Makucha yakawa na kilo 190. Mipira tulinunua mipya, yenye urefu wa kutosha hata kucha zikifunguka kabisa isivutwe, tukaipitisha mbali na kingo kali, na kila ukingo tukaupiga tupa. Tulipuliza na kuosha mipira na viungo kabla ya kufunga, maana punje ya mchanga ikiingia katika mafuta hula pampu polepole. Tulichomelea vizuizi vya chuma ili kucha zikifika mwisho zisimame juu ya chuma, si juu ya silinda. Wakati wa kuchomelea tuliyaondoa makucha kabisa kwenye mashine, na silinda tukaziweka kando, ili moto wa umeme usipite katika vyombo vya mashine wala cheche zisiunguze sili.

Tena tukanunua zile vali. Ile ya kupunguza kasi ni tundu jembamba tu katika kipande cha chuma, na kwa hiyo kucha sasa hufumba polepole, kwa sekunde kama tatu. Ile ya kufungia tuliifunga juu ya silinda yenyewe, si mbali kwenye mpira, maana ikiwa mbali mpira ukikatika vali haina la kuzuia. Tuliijaribu: tukashika gogo, tukazima mashine, tukaacha usiku kucha. Asubuhi kucha zilikuwa bado zimelishika. Bei ya vali zote ilikuwa chini ya fedha niliyolipa siku moja tu kwenda na kurudi hospitali na dawa zake.

Zaidi ya chuma tukaweka sheria. Gogo hubebwa chini, kimo cha goti, wala si kifuani. Hapana mtu kusimama mbele wala kando kwa hatua kumi. Dereva hashuki mikono ikiwa juu. Ikiwa sharti mikono ibaki juu kwa ajili ya matengenezo, huwekwa kwanza ile nguzo ya chuma ya kuizuia iliyotolewa na watengenezaji, kwa sababu mikono hiyo huanguka kabla mtu hajaweza kutoka chini yake.

Kwa mafundi wa nyumbani

Najua wengi wenu hamna kijiko. Lakini yako matela ya trekta yanayoinuliwa kwa silinda, yako matipa, yako majeki ya lori. Yote ni mafuta yale yale yaliyobanwa. Nilipokuwa kijana nimeona utingo akiingia chini ya bodi la tipa lililoinuliwa ili apake grisi, bila gogo wala nguzo ya kulizuia, nasi tukimcheka aliyeogopa. Leo namsifu aliyeogopa. Silinda si nguzo. Ni maji ndani ya bomba, na sili yake ni kipande cha mpira kisichozidi unene wa kidole. Kabla hujaingia chini ya kitu kilichoinuliwa, weka nguzo imara. Ukiwa na jeki, weka gogo. Usimtume mtoto mahali ambapo mwenyewe ungesita kwenda.

Na wewe fundi unayetengeneza kwa jicho, usiache jicho lako, maana ni zuri. Lakini liongezee karatasi na penseli. Kama hesabu ilikushinda shuleni, anaye mtoto nyumbani ambaye haikumshinda. Mwite akae nawe. Mtaongea mengi kuliko hesabu.

Mzee bado afuga ng'ombe, ingawa sasa maziwa humkamulia mjukuu wake. Makucha yafanya kazi mpaka leo. Mguu wa kijana ulipona, isipokuwa baridi ikizidi huuma kidogo, naye hukaa karibu na jiko akiusugua bila kusema kitu, nami hujua.

Siku tulipomaliza kupaka rangi makucha ya pili, kijana aliomba brashi na rangi nyeupe. Kwenye chuma kinachomkabili dereva akaandika maneno matatu ya Kiswahili. Mzee hasomi Kiswahili, lakini amefundishwa maana yake, na hata yeye huyatamka kwa sauti kabla ya kuvuta mkono wa kuinulia: "Nani yuko mbele?"